Aliyerudishwa Kwao Si Lazima Awe Ameachwa

Bwana Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti letu ili tuwaeleze wenzetu jambo lililotukalia rohoni muda mrefu. Si jambo la mishahara wala la kupandishwa vyeo, ambayo tumezoea kuyasoma humu. Ni habari ya fedha za mtumishi aliyekufa, na ya mwanamke aliyekuwa mke wake zamani, ambaye huja ofisini na watoto wake akiuliza kama ana haki yo yote. Wazee walisema, Kufa kufaana. Walakini hawakutuambia ni nani apaswaye kufawa, na hapo ndipo ugomvi unapoanza.

Tutaanza kwa kuungama kosa letu wenyewe, maana si vema kuwafundisha watu njia tuliyoipotea bila kusema kwamba tuliipotea.

Ilikuwa wakati wa msimu wa pamba, watu wa Binza wakipeleka mizigo yao mizanini. Mama mmoja alifika mezani petu, naye amemshika mkono mtoto wa darasa la tano. Tukamwamkia, "Shikamoo mama," naye akaitika, akakaa. Akatoa katika kitambaa karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nyingi, akasema, "Bwana karani, baba wa watoto hawa amefariki. Alikuwa mtumishi wa Serikali miaka kumi na tisa. Nami nilikaa naye miaka kumi na minne. Nimeambiwa kuna fedha. Naomba kujua kama sisi tumo."

Tukaisoma ile karatasi. Iliandikwa na wazee wa koo mbili, kwamba mke amerudi kwao, na kwamba katika ng'ombe kumi na watano wa mahari, kumi na wawili wamerudishwa, na watatu wameachwa kwa ajili ya watoto. Chini palikuwa na alama za vidole gumba na jina la shahidi. Tulipoona ng'ombe wamerudishwa, hatukuuliza neno jingine. Tukamwambia, "Mama, wewe umekwisha achwa. Aliyeachwa hana mirathi." Akaikunja karatasi yake taratibu, akamwambia mtoto, "Twende," wakatoka. Nasi tukaendelea na kazi, tukidhani tumesema kweli.

Hatukusema kweli. Na kosa letu ndilo kosa la watu wengi, hata wasomi, kwa hiyo yatupasa kulieleza wazi.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Tanzania Bara, inasema katika kifungu cha 12 ni mambo gani yanayoikomesha ndoa. Kifo huikomesha, hukumu ya mahakama ya kudhani kwamba mmoja amekufa huikomesha, hukumu ya kuibatilisha huikomesha, na hukumu ya talaka huikomesha, pamoja na talaka iliyotolewa nje ya nchi ikitambuliwa kwa sheria. Someni tena orodha hiyo, wenzetu. Kurudisha ng'ombe hakumo. Barua ya wazee haimo. Kukaa mbalimbali miaka mitano au kumi hakumo. Hata Mwislamu aliyemtamkia mkewe talaka, sheria ile yataka shauri lipite kwanza katika Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, kisha mahakama ndiyo itoe hukumu kwamba ndoa imevunjika.

Basi yule mama tuliyemwambia kwamba ameachwa, kwa macho ya sheria alikuwa angali mke mpaka siku mumewe alipokata roho. Siku ile akawa mjane. Ukoo ulimhesabu kuwa mtu wa nje, nasi tukaufuata ukoo, ilhali mezani petu tulipaswa kuifuata sheria.

Tunajua watu wa kwetu watasema, "Ninyi makarani mnaidharau mila." La, hatuidharau. Kwa Wasukuma mahari ni jambo zito. Ng'ombe wanapotoka zizi hili kuingia zizi lile, koo mbili zinafungana, na wanaporudi, watu wote wa kijiji huelewa kwamba fungo limefunguliwa. Mila hiyo ilikuwa na hekima yake, kwa kuwa ilimzuia mume asimfukuze mke ovyo, na ilimzuia baba asimchukue binti yake ovyo. Lakini mila ilipotungwa hapakuwa na mshahara wa mwezi, wala mfuko wa pensheni, wala fedha za mkupuo zinazoingia benki baada ya mtu kuzikwa. Mali ya mtu ilikuwa ng'ombe na mashamba, na kila mtu aliiona kwa macho. Fedha ya pensheni haionekani. Hujilimbika kimyakimya mwaka hata mwaka, na yule mke aliyekuwa akipika na kulima na kulea wakati inapojilimbika, hajui hata kiasi chake.

Tukumbuke fedha hizo zatoka wapi. Wazee wetu waliotutangulia katika kazi hii, wale waliofuata nyayo za Bwana Martin Kayamba aliyeanzisha chama cha watumishi Waafrika kule Tanga mwaka 1922, walikuwa wakidai mambo mengi, na moja katika hayo lilikuwa mtu asiache kazi mikono mitupu. Mwaka 1942 ukawekwa mfuko wa akiba wa watumishi wa Serikali, na mwaka 1944 ukafuata wa serikali za mitaa. Mwaka 1999 ikatungwa sheria iliyomfanya mtumishi mwenyewe achangie pensheni yake. Mwaka 2018 mifuko minne, yaani PSPF, LAPF, GEPF na PPF, ikaunganishwa kuwa Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma, ambao watu huuita PSSSF, ukaanza kazi tarehe 1 Agosti mwaka huo. Mchango wake ni asilimia 20 ya mshahara. 5 hukatwa kwa mtumishi na 15 hutolewa na mwajiri. Hiyo asilimia 5 ilitoka katika chungu cha nyumbani. Kila mwezi mke alipoambiwa, "Mshahara haukutosha," sehemu ya kutotosha kwake ilikuwa ni mchango huo. Aliyevumilia upungufu miaka kumi na minne, je, hana neno lo lote juu ya akiba iliyotokana na upungufu huo?

Sasa twende kwenye jambo lenyewe, maana aliye na haja hataki hotuba, ataka kujua afanye nini. Tumeona watu wa aina tatu, na kila aina haki yake ni mbalimbali.

Wa kwanza ni yule aliyerudishwa kwao bila hukumu ya mahakama. Huyu, kama tulivyosema, angali mke. Hata kama hana cheti cha ndoa, ndoa ya kimila haibatiliki kwa sababu tu haikuandikishwa, wala kwa sababu mahari haikulipwa yote. Anayo nafasi ya kusimama mbele ya mahakama na kujieleza kuwa mjane. Na kama marehemu alikuwa amekaa na mwanamke mwingine, hilo peke yake halimwondoi wa kwanza. Ndoa iliyofungwa kimila huhesabiwa na sheria kuwa ya wake wengi au yaweza kuwa hivyo, kwa hiyo wajane wawili waweza kuwako. Ikiwa ndoa ya kwanza ilikuwa ya kanisani au ya bomani, hiyo ni ya mke mmoja, na aliyefuata ndiye mwenye kazi ya kuonyesha amesimama juu ya nini.

Wa pili ni yule aliyepewa talaka na mahakama kweli. Huyu si mjane, wala tusimdanganye. Hapati fungu la mwenzi wa marehemu. Walakini hatoki mikono mitupu kila mara. Mahakama inapotoa talaka ina madaraka, kwa kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa, ya kugawanya mali iliyochumwa na wote wawili. Na Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu la mwaka 1983, ilikwisha kusema kwamba kazi za mke za nyumbani ni mchango katika kuchuma mali hiyo. Basi kama mahakama iliamuru apewe kitu, na marehemu akafa bila kukitoa, mtalaka huyo ni mdai. Msimamizi wa mirathi hulipa madeni ya marehemu kabla ya kugawa urithi. Ashike hukumu yake, aende akadai kama anavyodai mwenye duka.

Wa tatu ni watoto. Hapa hapana mjadala. Mama aweza kuwa ameachwa mara kumi, mtoto haachwi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 10, inakataza mtu ye yote kumnyima mtoto kufaidi mali ya mzazi wake kwa kiasi cha haki. Mtoto aliyelelewa kwa bibi yake mzaa mama kule Binza ni mtoto wa marehemu sawasawa na yule aliyekuwa akilala nyumba moja naye mjini. Mama aliyeachwa, akiwa ndiye mlezi, ana haki ya kusema kwa ajili yao, wala asiambiwe kwamba amefuata fedha.

Twajua mambo haya hukwama wapi, maana tumeyaona. Hukwama katika kikao cha ukoo. Mtu akifa, ndugu zake hukaa baada ya matanga, huchagua mmoja awe msimamizi, nao huandika muhtasari wa kuupeleka Mahakama ya Mwanzo. Katika muhtasari huo huandikwa majina ya warithi. Aliyerudishwa kwao hakuitwa, na watoto wake mara nyingi husahauliwa, wengine kwa bahati mbaya na wengine kwa makusudi. Mahakama hutoa tangazo ili mwenye pingamizi alete. Lakini tangazo limebandikwa ubaoni mjini, naye yuko shambani akipalilia. Siku zikipita, msimamizi hupewa hati yake, huipeleka kwenye Mfuko pamoja na cheti cha kifo na vyeti vya watoto waliotajwa, na fedha hutoka.

Na hapo twaomba jambo moja lieleweke kwa kila mtu: msimamizi wa mirathi si mrithi kwa sababu ya usimamizi wake. Ni mtu aliyetumwa. Anakusanya mali, analipa madeni, anagawa kwa wenyewe, kisha anarudi mahakamani kutoa hesabu. Ndugu wa marehemu anayenunua ng'ombe kwa fedha alizokabidhiwa kwa ajili ya watoto, amefanya jambo ambalo mahakama ina madaraka ya kumhoji, na hata kuutengua uteuzi wake.

Kwa hiyo mama mwenye shida kama hii asikae nyumbani akisubiri kuitwa. Apate cheti cha kifo, au nakala yake, ambacho hutolewa chini ya RITA. Akusanye vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na kama hawana, aanze kuviomba mara moja. Atafute mashahidi wa ndoa walio hai, hasa wazee waliopokea mahari, na barua ya mtendaji wa kijiji. Aende Mahakama ya Mwanzo aulize kama shauri la mirathi limefunguliwa, na kama limefunguliwa alete pingamizi lake kwa maandishi kabla msimamizi hajateuliwa. Tena auandikie Mfuko barua, abaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa, kusema kwamba wako watoto na mjane ambao majina yao hayamo. Neno la mdomo husahauliwa mlangoni.

Wako watakaotupinga, nasi twapenda kuwajibu kwa heshima. Wa kwanza watasema, "Yule mwanamke wa pili ndiye aliyemwuguza marehemu. Je, aje wa zamani avune asipopanda?" Neno hili lina uzito, nasi hatumwonei wivu aliyemwuguza mgonjwa. Lakini wa zamani naye alipanda, tena alipanda mapema, wakati mshahara ulipokuwa mdogo. Sheria haitulazimishi kumfukuza mmoja ili mwingine apate. Tukiweka hesabu ya miaka mbele yetu badala ya chuki ya koo, twaweza kuwatendea haki wote wawili.

Wengine watasema, "Huyu wa zamani ataolewa tena, atakula huku na huku." Nchi nyingine zimekwisha kulifikiri jambo hilo. Huko Marekani, tangu mwaka 1965 mtalaka aliweza kupata malipo ya mwenzi wa zamani aliyekufa, kwanza ikiwa ndoa ilidumu miaka 20, na kwa mabadiliko ya sheria ya mwaka 1977 miaka hiyo ikapunguzwa kuwa 10. Mjane wa sasa hapunguziwi fungu lake kwa sababu mtalaka amelipwa. Ujerumani waliweka njia nyingine mwaka 1977: ndoa ikivunjika mahakamani, haki za pensheni walizochuma wote wawili katika miaka ya ndoa hugawanywa siku ile ile, wakiwa wote wangali hai. Njia hii ya pili yatupendeza zaidi, kwani haimfanyi mtu angoje kifo cha mwenzake ili ajue riziki yake.

Wa mwisho watasema kwamba haya ni mambo ya wanawake, na chama chetu ni cha kazi. Tutawajibu kwa habari iliyotoka katika kabila letu wenyewe. Kanuni za mila za urithi zilizotangazwa na Serikali mwaka 1963 zinamwambia mjane kwamba hana urithi kwa mumewe ikiwa marehemu ameacha watu wa ukoo wake, na kwamba fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Wajane wawili walionyimwa kwa kanuni hizo chini ya mila ya Kisukuma walikwenda Mahakama Kuu, ambayo mwaka 2006 ilikiri kwamba kanuni zina ubaguzi lakini haikuzifuta. Wakaenda mbele, na mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Kuondoa Ubaguzi dhidi ya Wanawake ikasema kwamba haki zao zimevunjwa. Wanawake wawili wamebeba mzigo huo mpaka huko mbali, nasi tulio na kalamu na meza twashindwa kumwuliza mama mmoja, "Je, mlikwenda mahakamani?"

Twapendekeza basi, Bwana Mhariri, mambo matatu kwa chama chetu. Kwanza, kila mwanachama akumbuke karatasi aliyoijaza siku alipoajiriwa, ambamo aliandika wategemezi wake. Wengi wetu tuliijaza tukiwa vijana wa miaka ishirini na kitu, na tangu siku hiyo hatukuigusa tena. Wamo waliozikwa, na hawamo waliozaliwa. Tuiombe, tuisahihishe, tuwaandike watoto wetu wote, hata wale ambao kutajwa kwao kunatuona haya. Aibu ya baba isiwe njaa ya mtoto. Pili, mwanachama aliyetengana na mkewe aende mahakamani amalize jambo lake kwa halali, mali igawanywe, kila mtu ashike njia yake na karatasi yake. Kumwacha mtu nusu ni kumwachia ugomvi. Tatu, chama kipeleke ombi kwa wenye kutunga sheria kwamba haki ya pensheni ihesabiwe katika mali ya kugawanywa ndoa inapovunjwa, na kwamba Mfuko uone orodha ya watoto wote wa marehemu, si wale tu waliotajwa na kikao.

Mwenzetu mmoja alituuliza kwa nini tunajisumbua, nasi tulimjibu kwamba tulimtafuta yule mama. Haikuwa kazi ngumu. Binza si nchi kubwa kwa mtu anayeuliza njia. Tulimkuta akianika dengu. Tukamwambia, "Mama, siku ile tulikukosea. Tulikwambia neno ambalo si la sheria." Alinyamaza kitambo, kisha akatuuliza, "Kwa hiyo nilikuwa mke wake siku ile nilipozuiwa kukaa na wafiwa?" Tukasema, "Ndiyo, mama."

Fedha za mkupuo zilikuwa zimekwisha pokelewa na msimamizi. Sasa pingamizi liko mahakamani, majina ya watoto yameandikwa, na tunapoandika haya hukumu haijatoka. Ikiwa watapata au hawatapata hatujui. Lakini tunajua kwamba siku alipokuja mezani petu muda wa tangazo ulikuwa haujaisha, na kwamba neno letu moja ndilo lililomrudisha nyumbani. Ndugu makarani, anapokuja mwingine na karatasi yake iliyokunjwa, mpeni kiti, msome mpaka chini, na kabla ya kutamka kwamba ameachwa, mwulizeni ni mahakama gani iliyomwacha.

Sisi wenu katika kazi,

Karani wa Binza, Maswa